Mizani Haijui Nani Anaumwa

Likitajwa tatizo la ulaji, picha inayowajia wengi ni moja: msichana mwembamba mno, mifupa ya mabega imetokeza, na sahani mbele yake haijaguswa. Wagonjwa wa namna hiyo wapo, na hali yao ni ya hatari kwelikweli. Lakini ni sehemu ndogo tu ya wanaougua, na picha yao imefunika wengine wote: mwanamume anayekula kwa kujificha usiku, mama wa miaka 45, kijana mnene anayejinyima chakula, na yule mwenye uzito wa kawaida kabisa ambaye kila akimaliza kula hujifungia msalani.

Kosa la msingi ni kudhani kwamba ugonjwa huu hupimwa kwa kilo. Anoreksia (kujinyima chakula kupita kiasi), bulimia (kula kwa wingi kisha kujitahidi kukitoa chakula) na ulaji wa kupindukia ni magonjwa ya akili yanayojitokeza kupitia chakula, na huumiza mwili wa ukubwa wowote. Kukonda ni mojawapo ya matokeo yake, tena kwa baadhi tu ya wagonjwa. Anayesubiri mtu akonde ndipo aamini kwamba anaumwa, anasubiri ugonjwa ukomae.

Namba iliyopewa kazi isiyo yake

Namba inayotumika sana kuamua nani mnene na nani mwembamba ni uwiano wa uzito na urefu: uzito kwa kilo, ugawanywe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Chimbuko lake ni hesabu za Adolphe Quetelet, Mbelgiji aliyekuwa mtaalamu wa hisabati na wa elimu ya nyota, katika miaka ya 1830. Quetelet hakuwa daktari. Alikuwa akitafuta sifa za mtu wa wastani katika jamii nzima. Mwaka 1972 mtafiti wa Marekani, Ancel Keys, pamoja na wenzake waliupa uwiano huo jina unalojulikana nalo leo hospitalini, BMI, na baadaye Shirika la Afya Duniani likaweka mipaka yake: chini ya 18.5 ni uzito pungufu, kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene uliopitiliza.

Kwa kulinganisha makundi makubwa ya watu, namba hii ina manufaa. Kwa mtu mmoja aliyekaa mbele ya daktari, inaficha mengi. Haitofautishi misuli na mafuta. Haijui kama mwili umejaa maji, jambo linaloweza kutokea kwa mtu aliyekosa chakula muda mrefu. Na jambo kubwa kuliko yote, haijui mtu ametoka wapi. Watu wawili wanaweza kusoma namba ileile leo, mmoja akiwa amekuwa hivyo tangu ujanani na ana afya njema, mwingine akiwa amepoteza robo ya uzito wake ndani ya miezi 5. Huyo wa pili yumo hatarini, na mizani inamwambia yuko sawa.

Njaa inavyobadilisha akili

Ancel Keys huyohuyo ndiye aliyesimamia, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, jaribio lililotufundisha mengi kuhusu njaa. Vita Kuu ya Pili ilikuwa inaelekea ukingoni, mamilioni ya watu walikuwa hawana chakula, na hakuna aliyejua kwa uhakika namna bora ya kuwalisha walionusurika. Vijana 36 wa kiume waliokataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri zao walijitolea. Walichaguliwa kwa uangalifu: wenye afya ya mwili, wenye akili timamu, wenye moyo wa kuvumilia. Mwaka 1945, kwa wiki 24, walipewa takriban nusu ya chakula walichozoea huku wakitakiwa kutembea kilomita nyingi kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao.

Yaliyowapata miilini yalitarajiwa: mapigo ya moyo yalipungua, walihisi baridi hata siku za joto, nguvu ziliwaishia. Kilichowashangaza watafiti ni yaliyowapata akilini. Vijana hawa, ambao hapo awali hawakuwa na shida yoyote na chakula, walianza kukiwaza mchana na usiku. Walikusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kama hadithi. Walikata chakula vipande vidogo vidogo, wakakichanganya na maji kionekane kingi, wakakaa na mlo mmoja muda mrefu, wakalamba sahani. Waliacha mizaha na marafiki, hamu ya mapenzi ikafa, hasira zikawa karibu, wengine wakazama katika huzuni nzito. Baadhi walianza kuona kwamba watu wengine ndio wanene kupita kiasi, ilhali wao wenyewe ndio walikuwa wamebaki mifupa. Na chakula kiliporudishwa, wapo waliokula hadi tumbo likagoma na bado wakasema wana njaa.

Nimelieleza jaribio hili kwa kirefu kwa sababu linajibu shutuma ambayo wagonjwa wa anoreksia husikia kila siku: kwamba wana maringo, wanadeka, wanatafuta kuonekana. Sehemu kubwa ya tabia tunazoziona kuwa za ajabu kwao, kukata chakula vipande vidogo, kupika kwa ajili ya wengine bila kuonja, kukasirika mezani, kujitenga, ni dalili za ubongo wenye njaa. Zingempata yeyote kati yetu. Tofauti ni kwamba wale vijana walipopewa chakula walikifurahia, wakati mgonjwa wa anoreksia hukiogopa, na kadiri anavyozidi kukosa chakula ndivyo hofu hiyo inavyozidi kushika mizizi. Ndiyo maana kumwambia "kula tu" hakusaidii, na ndiyo maana hakuna tiba ya maneno inayofanya kazi vizuri kabla ubongo haujaanza kulishwa.

Mnene anayekufa njaa

Sasa mfikirie binti wa miaka 16 ambaye amekuwa mnene tangu utotoni. Ametaniwa shuleni, ameambiwa na daktari apunguze. Siku moja anaanza kuruka mlo, kisha miwili. Anaanza kukimbia asubuhi na jioni, hata akiwa na homa. Uzito unashuka haraka. Nyumbani wanashangilia: "Umependeza! Hebu tupe siri." Nguo zinabadilishwa, picha zinapigwa. Hakuna anayejua kwamba hedhi imekatika, kwamba nywele zinabaki kwenye kitana, kwamba akisimama ghafla anaona giza, kwamba mapigo ya moyo wake yameshuka chini ya 50 kwa dakika akiwa macho mchana. Kwa kijana wa umri wake, namba hiyo ya mapigo peke yake inatosha kumlaza hospitalini. Lakini kwenye mizani bado anaonekana "ana akiba".

Akiba hiyo haimlindi. Mwili unaokosa chakula hubana matumizi bila kujali ulianzia kilo ngapi: moyo unapunguza kasi, joto linashuka, homoni za uzazi zinazimwa, mifupa inaanza kudhoofika. Watafiti waliowalinganisha vijana waliokonda sana na vijana waliopoteza uzito mwingi bila kufikia wembamba huo, wamekuta moyo unaopiga polepole kupita kiasi katika makundi yote mawili. Kasi na kiasi cha kilo zilizopotea vilieleza hatari vizuri kuliko kilo zilizobaki.

Hata vitabu vya madaktari vilichelewa kulikubali hili. Hadi mwaka 2013, mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani ulidai kwamba msichana hawezi kuitwa mgonjwa wa anoreksia mpaka akose hedhi mara 3 mfululizo, na ulitaja asilimia 85 ya uzito unaotarajiwa kuwa kipimo cha wembamba. Sharti la hedhi halikuweza hata kuwahusu wanaume. Toleo la 2013 liliyaondoa yote mawili na kutaja pia anoreksia ya mtu ambaye hajawa mwembamba. Orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, imeongeza kwamba kupoteza zaidi ya asilimia 20 ya uzito ndani ya miezi 6 kunaweza kuchukua nafasi ya sharti la uzito mdogo. Laiti kila anayempima mtu uzito angelijua hilo moja.

Uzito wa kawaida, moyo ulio hatarini

Bulimia ndiyo inayojificha kuliko zote. Ilielezwa rasmi mwaka 1979 na Gerald Russell, daktari wa magonjwa ya akili wa London. Mgonjwa hula chakula kingi kwa muda mfupi akihisi hawezi kujizuia, kisha hujitapisha, hutumia dawa za kumfanya aharishe, hufunga au hufanya mazoezi ya kujiadhibu ili kufuta alichokula. Wengi wao wana uzito wa kawaida au zaidi. Unaweza kuishi naye nyumba moja miaka mingi usijue.

Kinachosikitisha ni kwamba mateso hayo hayafanyi hata kazi anayoyatumainia. Dawa za kuharisha hufanya kazi kwenye utumbo mpana, baada ya sehemu kubwa ya chakula kuwa imekwisha kufyonzwa. Kilo zinazoonekana kupungua ni maji, na hurudi. Kutapika nako huacha sehemu kubwa ya nishati mwilini. Kinachoondoka ni potasiamu, madini yanayouwezesha moyo kupiga kwa mpangilio, na ikishuka sana moyo unaweza kusimama bila onyo. Meno huliwa na tindikali, mashavu huvimba karibu na masikio kwa sababu ya tezi za mate. Daktari wa meno huwa wa kwanza kugundua, mara nyingine kabla ya mzazi au mwenzi.

Wala kurudi kwa uzito si uthibitisho wa kupona. Mwimbaji wa Marekani Karen Carpenter alifariki Februari 1983 akiwa na miaka 32. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amelazwa na kuongezewa uzito. Moyo uliokuwa umedhoofishwa na miaka ya anoreksia ulisimama.

Aibu ya anayekula kupita kiasi

Tatizo la ulaji lililoenea zaidi si la kujinyima. Ni ulaji wa kupindukia: mtu hula haraka, peke yake, hadi kuumia, akiwa amepoteza udhibiti, na baadaye hujichukia; lakini, tofauti na mgonjwa wa bulimia, hafanyi jitihada za kukitoa alichokula. Katika utafiti wa kitaifa uliochapishwa Marekani mwaka 2007, asilimia 3.5 ya wanawake na asilimia 2 ya wanaume walikuwa wamewahi kuugua hali hii, zaidi ya anoreksia na bulimia zikijumlishwa. Daktari Albert Stunkard aliuelezea ulaji huu mwaka 1959. Ulisubiri hadi 2013 kupewa nafasi yake kamili kama ugonjwa.

Kucheleweshwa huko, naamini, kumetokana na dharau. Jamii ikimwona mtu mnene huwa imekwisha kutoa hukumu: mvivu, mlafi, hana nidhamu. Kwanza, wanene wengi hawana tatizo lolote la ulaji, na wenye tatizo hili si wote wanene. Pili, ukubwa wa mwili hautokani na nidhamu peke yake. Stunkard huyohuyo na wenzake walichunguza watu 540 wa Denmark waliolelewa na wazazi wasiowazaa, wakachapisha matokeo mwaka 1986: uzito wa watu hao ukiwa watu wazima ulifuatana na wa wazazi waliowazaa, wala haukufuatana na wa waliowalea na kuwapikia. Mwaka 1994 ikagunduliwa leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo kuhusu akiba iliyopo. Akiba ikipungua, ubongo hupandisha njaa na kubana matumizi. Mwaka 2016 watafiti walichapisha habari za watu 14 walioshiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito: miaka 6 baadaye, miili ya wengi wao ilikuwa bado inatumia nishati kidogo kuliko inavyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao.

Sisemi kwamba unene hauna madhara. Unaongeza uwezekano wa kisukari, shinikizo la damu na matatizo ya viungo, na mtu ana haki ya kutibiwa hayo. Ninachosema ni kwamba kumpa mgonjwa wa ulaji wa kupindukia karatasi ya kujinyima chakula na kumwambia "jitahidi" mara nyingi huchochea kilekile kinachomtesa. Anajibana siku kadhaa, njaa inajikusanya, anavunja, anaona aibu, anajibana tena kwa ukali zaidi. Tiba ya kisaikolojia inayomrudisha kwenye milo ya kawaida kwa saa zinazoeleweka ndiyo inayoanza kuukata mzunguko huo.

"Ni ugonjwa wa wasichana wa Magharibi"

Historia inakataa. Mwaka 1689 daktari Mwingereza Richard Morton alieleza wagonjwa wawili waliodhoofika bila kifua kikuu wala homa, na mmoja alikuwa mvulana wa miaka 16. Katika utafiti ule wa 2007, wanaume walikuwa takriban robo ya waliowahi kuugua anoreksia au bulimia. Baadhi ya wanaume wenye tatizo la ulaji hawataki kuwa wembamba. Wanataka misuli, wanapima kila kijiko, wanafanya mazoezi juu ya majeraha, na watu wanawasifu kwa kujituma.

Wala si lazima mgonjwa aogope unene. Miaka ya 1990 mtafiti Sing Lee wa Hong Kong alionyesha kwamba wagonjwa wengi wa huko walieleza kushindwa kula kwa sababu ya tumbo kujaa au kukosa hamu, bila kutaja unene. Utafiti uliofanywa Ghana na kuchapishwa 2004 ulikuta wasichana wa sekondari waliojinyima chakula kupita kiasi, wakijieleza kwa lugha ya mfungo na kujitawala. Daktari aliyefundishwa kuuliza "unaogopa kunenepa?" tu angewarudisha nyumbani wote hao.

Picha za miili nazo zina mchango wake. Televisheni ilifika mkoa wa Nadroga, Fiji, mwaka 1995. Anne Becker na wenzake walipowahoji wasichana wa shule mwaka huo, hakuna aliyesema hujitapisha ili apunguze uzito; walipohoji kundi jingine mwaka 1998, asilimia 11 walisema hufanya hivyo. Hata hivyo mamilioni huona picha zilezile na hawaugui. Tafiti za mapacha zimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya uwezekano wa kupata anoreksia hurithiwa, na mwaka 2019 watafiti wa kimataifa walitaja sehemu 8 za vinasaba zinazohusiana nayo, nyingine zikihusiana pia na jinsi mwili unavyotumia nishati.

Wazazi wamebeba lawama isiyo yao kwa muda mrefu mno. William Gull, aliyeipa anoreksia jina lake la kitabibu mwaka 1873, aliona ndugu na jamaa kuwa wauguzi wabaya kuliko wote. Zaidi ya miaka 100 baadaye, katika hospitali ya Maudsley, London, mambo yaligeuzwa: wazazi walifundishwa kusimamia milo ya mtoto wao mgonjwa nyumbani, kwa upole na bila kurudi nyuma, mpaka aweze kujisimamia. Leo hiyo ndiyo miongoni mwa tiba zenye ushahidi mzuri zaidi kwa vijana wenye anoreksia.

Ukimwona mtu wako

Acha mizani kwanza, angalia mwenendo. Anakwepa kula na wengine, kila siku ana sababu: amekula njiani, tumbo linasumbua. Anaenda msalani mara tu baada ya chakula. Chakula kinatoweka jikoni. Hawezi kukosa mazoezi hata siku moja bila kuchanganyikiwa. Anavaa nguo nzito kwenye joto. Orodha ya vyakula "vibaya" inaongezeka kila wiki.

Ukizungumza naye, usizungumzie mwili wake. "Umekonda sana" inaweza kusikika kama sifa, na "sasa umenawiri" inaweza kumrudisha nyuma miezi. Zungumza ulichokiona: "Mwanangu, naona siku hizi hukai mezani nasi, na usiku nakusikia huna usingizi. Nina wasiwasi nawe. Twende tukamwone daktari, nitakaa nje ukitaka." Atakataa, pengine atakasirika. Rudi tena siku nyingine kwa sauti ileile.

Akizimia, akiumwa kifua, akiwa dhaifu kiasi cha kushindwa kupanda ngazi, akitapika damu, au akianza kuzungumza habari za kutaka kufa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Hilo la mwisho lichukuliwe kwa uzito wote: miongoni mwa vifo vya wagonjwa wa anoreksia, takriban kimoja kati ya vitano ni cha kujiua. Aliyekaa muda mrefu karibu bila chakula naye asilishwe kwa pupa nyumbani, kwa sababu chakula kingi cha ghafla kinaweza kushusha fosfeti, madini ambayo moyo unayahitaji, kwenye damu na kuua. Kurudi kwenye chakula kwa mtu wa hali hiyo kunasimamiwa na madaktari.

Mkifika, omba apimwe mapigo ya moyo na shinikizo la damu akiwa amelala na akiwa amesimama, apimwe umeme wa moyo, na damu iangaliwe potasiamu na fosfeti. Majibu yakirudi ya kawaida, msiondoke hapo. Damu ya mgonjwa mahututi wa anoreksia inaweza kusomeka vizuri hadi karibu sana na siku ya kuanguka, kwa hiyo mweleze daktari alikuwa na uzito gani miezi 6 iliyopita, anakula nini na nini hakigusi tena, na tangu lini.